Ushirika wa Wakulima wa Kahawa Kilimanjaro

Mnyonge huonewa mara mbili: kwanza sokoni, auzapo mali yake bila ya kujua bei, kisha barazani, alalamikapo pasipo mtu wa kumsikiliza. Dawa ya maonevu hayo ni umoja wa wanyonge wenyewe, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini umoja nao una maradhi yake. Historia ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro yaonyesha mambo yote mawili.

Mkahawa uliletwa mlimani na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya vita vya 1914-1918, nchi ilipokwisha kuingia katika utawala wa Waingereza, Wachaga wengi waliupanda katika vihamba vyao, kivulini mwa migomba. Charles Dundas, mtawala wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walidai ya kuwa mashamba ya wenyeji yangeeneza magonjwa na wadudu, na ya kuwa wizi wa kahawa ungezidi. Nyuma ya madai hayo palikuwa na hofu nyingine: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hana haja kubwa ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mwingine.

Mwaka wa 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Chama kilishughulikia dawa za kuua wadudu, uuzaji wa kahawa kwa pamoja, na utetezi wa haki ya kupanda. Hoja ya magonjwa basi ilijibiwa kwa bomba la dawa, wala haikujibiwa kwa matusi. Chama kilipoanza kusema juu ya ardhi pia, kilionekana kuwa kimevuka mpaka. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama kipya, KNCU, kilishika mahali pa kile cha kwanza. Mkulima alipeleka kahawa yake katika chama cha msingi cha mahali pake, na vyama hivyo viliungana kuuza kwa wingi. Debe la mtu mmoja halina sauti mbele ya mnunuzi. Mavuno ya mlima mzima yanayo.

Hata hivyo, bei za kahawa zilianguka katika miaka ya 1930, na wakulima walikuwa wamelazimishwa kuuza kwa KNCU peke yake. Wengi waliona ya kuwa chombo walichokiunda kwa hiari kimekuwa mkono wa serikali. Mwaka wa 1937 ghasia zilizuka, majengo ya vyama yakashambuliwa, na baadhi ya wapinzani wakahamishwa kwa nguvu. Si kwamba walichukia ushirika, walichukia kuamuliwa.

Baada ya vita vya pili bei zilipanda, na ushirika ukastawi hata ukasaidia elimu ya watoto wa wakulima. Lakini mwaka wa 1976 serikali ya Tanzania huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na mazao yakawa yanunuliwa na mashirika ya umma. Ilipasa kutungwa sheria nyingine, mwaka wa 1982, ndipo vyama hivyo vikarudishwa, na KNCU ikafufuliwa mwaka wa 1984.

Hapana shaka ya kuwa tawala hizo mbili zilitofautiana sana kwa nia. Moja ilikuwa ya kigeni, ya pili ilijiita ya wakulima na wafanyakazi. Lakini kwa mwenye kihamba matokeo yalikaribiana: neno la mwisho juu ya kahawa yake lilitoka mahali asipokuwapo. Kwa hiyo mtu apimaye ushirika wowote asitazame ukubwa wa ghala wala wingi wa magunia tu. Na aulize kama mwanachama wa chini aweza kusoma hesabu, kumchagua kiongozi, na kumwondoa.