Kobe wa Changuu
Sisi wa Buigiri, huko bara, tuliozoea kobe mdogo wa nyikani ajifichaye vichakani wakati wa kiangazi, hustaajabu tufikapo kisiwa cha Changuu, mkabala wa Unguja Mjini, tukaona kobe mfano wa jabali akitafuna majani pasi na haraka. Asili yao si pale: mnamo mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alileta hidaya ya kobe wanne wa Aldabra. Ama jela ya kisiwani humo, iliyojengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa Sultani wa Zanzibar, haikupata kumfunga mhalifu, bali iligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Na wageni wa leo, wavukao kwa mashua, huipita upesi wakiwaendea kobe, nami, nakiri, nilifanya vivyo hivyo.