Betri za Lithiamu za Kuchaji Majumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Bagamoyo na Ukanda wa Pwani

Katika nyumba nyingi za Bagamoyo, kuanzia kata za Dunda na Magomeni mjini hadi Kaole na Mlingotini, vibatari na betri kavu za kutupa vinaendelea kuzipisha taa za sola, tochi za kuchaji, redio ndogo, simu na pawabenki, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu. Wavuvi wa dagaa nao, waliozoea kuwasha karabai katika usiku usio na mwezi, wanazidi kutumia taa za LED zenye betri. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo hutumia betri ya lithiamu ya kuchaji.

Betri hiyo ni nyepesi, hudumu kwa miaka kadhaa na huokoa fedha za kununua betri kavu kila mara. Hata hivyo, ina masharti yake. Hatari huanza pale inapowekwa katika kifaa kisicho chake, inapochajiwa kwa chaja isiyo yake, au inapoachwa kwenye joto na maji ya chumvi. Katika nyumba na mabanda ya makuti, kosa dogo la aina hiyo linaweza kuteketeza mali yote ya familia kwa dakika chache.

Betri ya lithiamu ni nini

Betri za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha.

Ndani ya seli, chembe za lithiamu zenye chaji husafiri kati ya ncha mbili kupitia kimiminika. Kimiminika hicho huweza kuwaka moto, na kinachozitenganisha ncha hizo ni utando mwembamba wa plastiki. Utando ukitoboka au kuyeyuka, ncha hugusana, joto hupanda ghafla na seli huweza kulipuka. Ndiyo maana vifaa vyenye ubora huwekewa saketi ndogo ya ulinzi inayokata umeme chaji inapozidi au inapopungua mno.

Si kila betri yenye jina la lithiamu huchajiwa. Betri bapa za umbo la sarafu, zinazotumika katika rimoti na vifaa vidogo, kwa kawaida ni za kutumika mara moja, na hazipaswi kuchajiwa. Mtoto akiimeza, betri hiyo inaweza kuunguza vibaya koo lake ndani ya saa mbili. Apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Umbo moja, volti tofauti

Kosa linalogharimu vifaa vingi hutokana na kuamini kwamba betri inayoenea katika nafasi yake ndiyo inayofaa. Betri kavu ya ukubwa wa AA, inayotumika katika saa za ukutani, redio na rimoti, hutoa volti 1.5. Betri ya nikeli ya kuchaji yenye ukubwa huo hutoa volti 1.2. Seli ya lithiamu iitwayo 14500 ina urefu na unene unaokaribiana na wa AA, lakini hutoa volti 3.7 na hufikia 4.2 inapojaa.

Redio ya betri mbili za AA imeundwa kwa volti 3. Ikiwekewa seli mbili za 14500 zilizojaa, hupokea zaidi ya volti 8 na huweza kuungua papo hapo. Zipo betri za lithiamu za AA zenye saketi inayoshusha umeme hadi volti 1.5, na maandishi yake hutaja kiwango hicho waziwazi. Hizo ndizo zinazoweza kuchukua nafasi ya betri kavu. Mnunuzi anashauriwa kusoma volti kabla ya kutazama umbo.

Kutambua betri yenye ubora

Tochi na taa nyingi hutumia seli ya 18650, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli nzuri za ukubwa huo kwa kawaida hubeba kati ya miliampea-saa 2,000 na 3,600. Seli iliyoandikwa 9,900 inadanganya, na mara nyingi huwa na uwezo mdogo kuliko seli ya kawaida. Baadhi ya seli za bei ya chini ni kuukuu, zilizotolewa katika kompyuta mpakato na kuvalishwa ganda jipya.

Wananchi wanashauriwa kununua katika maduka yanayotoa risiti, kudai dhamana na kutazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwenye bidhaa zilizothibitishwa. Bidhaa inayotiliwa shaka kuwa bandia iripotiwe TBS au Tume ya Ushindani (FCC).

Kuchaji kwa usahihi

Kila aina ya betri ina chaja yake. Chaja ya betri za nikeli isitumike kwa lithiamu. Vivyo hivyo, mwenye mfumo wa sola anayebadilisha betri ya asidi kwa ya lithiamu ahakikishe kwanza kuwa kidhibiti chaji kinaikubali aina hiyo, kwa kuwa viwango vya volti vya kuchajia hutofautiana.

Desturi ya kuchaji simu mpya kwa saa nane ilitokana na betri za zamani za nikeli. Betri ya lithiamu haiihitaji. Haihitaji pia kuisha kabisa kabla ya kuchajiwa. Kifaa kitakachokaa muda mrefu bila kutumika kihifadhiwe kikiwa na takriban nusu ya chaji.

Kuchaji kufanyike juu ya sakafu ya saruji au sehemu nyingine isiyoshika moto, mbali na godoro, mto, pazia na makuti. Pawabenki au betri ya pikipiki ya umeme isiachwe ikichaji mlangoni usiku watu wakiwa wamelala, kwa sababu ikiwaka itawazibia njia ya kutokea.

Joto na maji ya chumvi

Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa joto lake linapozidi nyuzi 45 za Selsiasi. Taa ya sola iliyoanikwa juu ya bati wakati wa jua kali huweza kuvuka kiwango hicho. Pale ambapo paneli na taa vinatengana, paneli ikae juani na taa ibaki kivulini. Simu na pawabenki zisiachwe ndani ya gari lililofungwa.

Kwa wavuvi, tishio kubwa ni maji ya bahari. Chumvi hupitisha umeme kati ya ncha na kuozesha saketi, na betri iliyolowa huweza kuwaka saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye. Betri ya taa ya uvuvi ifungwe katika chombo kisichopitisha maji. Ikilowa, isichajiwe wala kuingizwa ndani ya nyumba. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na vyombo vya uvuvi na majengo.

Dalili za hatari

Betri iliyovimba, inayopata joto bila kutumika, inayovuja au kutoa harufu kali iache kutumika mara moja. Isitobolewe, kwani kufanya hivyo kunaweza kuiwasha.

Moto ukitokea, watu watolewe kwanza, kwa kuwa moshi wake una sumu. Umeme ukatwe pale inapowezekana kwa usalama. Moto wa kifaa kidogo ambacho hakijaunganishwa na umeme upoozwe kwa maji mengi, kwa sababu seli inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana kuzimika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kupitia namba 114.

Betri iliyokwisha

Betri ya lithiamu isitupwe katika shimo la taka zinazochomwa, ufukweni wala baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura 191, pamoja na kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za umeme na kielektroniki zinasimamia ukusanyaji na uteketezaji wa taka hizo, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye dhamana ya kusimamia utekelezaji wake.

Mwananchi azibe ncha za betri kwa utepe, aiweke katika chombo kikavu mbali na watoto, kisha aulize katika ofisi ya mtendaji wa kata au idara ya mazingira ya halmashauri mahali pa kuikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali.