Peni Mbili kwa Siku

Msomaji, bila shaka umepata kusikia habari za askari wa Keya waliotoka katika nchi yetu wakaenda kupigana Uhabeshi na Burma wakati wa Vita Kuu vya Pili, kati ya 1939 na 1945. Labda mmoja wa wazee wa ukoo wako alikuwa miongoni mwao. Lakini je, wajua ya kwamba katika vita hivyo hivyo mabinti weusi wa makoloni ya Uingereza nao waliomba kuvaa sare, wakakataliwa kwa ajili ya rangi yao? Habari zao yafaa tuzijue, kwa maana ni ndugu wa habari zetu.

Mwaka wa 1938 Waingereza waliunda kikosi cha wanawake cha kulisaidia jeshi la nchi kavu, kikajulikana kwa herufi tatu, A.T.S. Wanawake hao hawakupelekwa mstari wa mbele na bunduki. Walipika, walifanya ukarani, waliendesha magari, na baadaye walisaidia penye mizinga ya kutungulia ndege. Kila mwanamke aliyeishika kazi ya namna hiyo alimpa nafasi mwanamume mmoja aende vitani. Hata hivyo watu hawakutosha, na mwishoni mwa 1941 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha wanawake wa Uingereza wasioolewa kuitumikia nchi.

Ungedhani kwamba katika shida kama hiyo kila mkono ungepokelewa kwa furaha. Haikuwa hivyo. Binti mmoja wa kisiwa cha Bermuda alipeleka maombi yake akakubaliwa, maana karatasi haionyeshi rangi ya aliyeiandika. Wakubwa wa Wizara ya Vita walipopata habari kwamba ni mweusi, wakamkataa. Wizara ya Makoloni ilipinga jambo hilo, si kwa kupenda haki tu, bali kwa kuchelea manung'uniko. Watu wangewezaje kuambiwa kwamba vita ni vya kuokoa uhuru, na huku binti zao wamefungiwa mlango? Mabishano yaliendelea mpaka 1943, ndipo mlango ulipofunguliwa. Wanawake wapatao 600 wa visiwa vya Karibi wakaingia A.T.S. Wengi walitumikia huko huko visiwani au walipelekwa Marekani. Waliofika Uingereza walikuwa kama 100 tu.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Connie Mark, aliyezaliwa Kingston, Jamaica, mwaka wa 1923. Shuleni yeye na wenzake walifundishwa kwamba Uingereza ni mama yao. Basi mama alipoita, waliitika. Alipewa kazi ya ukarani katika hospitali ya jeshi la Waingereza mjini Kingston. Siku baada ya siku alipiga chapa taarifa za madaktari juu ya askari waliorudi na majeraha. Macho yake hayakuiona vita, lakini vidole vyake viliandika habari za vidonda vyake.

Alifanya kazi vizuri, akapandishwa cheo. Cheo hicho kilikuwa na nyongeza ya mshahara ya peni mbili kwa siku. Alipoiomba, alijibiwa kwamba wanawake wa A.T.S. wa Jamaica hawakustahili kuipata. Utaniuliza, peni mbili ni kitu gani? Kwa hesabu ya sokoni ni kidogo sana. Lakini wale waliomnyima hawakuwa maskini wa peni mbili. Walichomnyima ni kule kukiri kwamba kazi yake ni sawa na ya mwenzake Mwingereza. Askari wetu wa Keya walilijua jambo hilo, kwa maana nao walilipwa kwa kipimo cha rangi.

Haikuishia hapo. Mkubwa wake alimpendekeza apewe nishani, lakini hakuipata. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alinyimwa kwa sababu alikataa kusafisha nyumba za maofisa wa kike wa Kiingereza. Alikuwa ameingia jeshini kuwa askari, si kuwa mtumishi wa nyumbani. Hakika shukrani ya punda ni mateke.

Connie Mark alitumikia jeshini miaka kumi, na mwaka wa 1954 akahamia Uingereza. Huko hakunyamaza, alikwenda huku na huko akiwakumbusha watu kazi waliyoifanya wanawake wa Karibi. Nishani ile ilimfikia mwaka wa 1992, vita vikiwa vimekwisha miaka 47. Alifariki mwaka wa 2007.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki umpe. Ikiwa hata adui hanyimwi haki yake, je, aliyekuja kukusaidia? Basi, msomaji, usomapo habari za vita, usiulize tu nani alishinda na nani alishindwa. Uliza pia nani alifanya kazi, na nani alilipwa.