Mcholi II, York na Nanguruwe: jina la mahali lina tabaka ngapi?

Ukisoma orodha ya kata za Newala utakutana na Mcholi I na Mcholi II. Jina ni la kwetu, namba ni za Kirumi! Wenye namba hizo walianza kuitawala Uingereza mwaka 43 BK. Hebu tuwatumie kujifunza kitu kuhusu majina yetu wenyewe.

Warumi hawakukuta nchi tupu. Walikuta watu wenye lugha ya jamii ya Kiselti, na mahali pana majina tayari. Mara nyingi hawakuyafuta, waliyavalisha tu nguo za Kilatini. Mfano ni mji wa Lincoln, ambao wao waliuita Lindum Colonia. "Lind-" ni Kiselti, yaani ziwa au bwawa. Mpaka leo watu wa Wales ziwa wanaliita llyn. "-um" ni mkia wa Kilatini, na "colonia" ni makazi ambayo dola iliwapa askari wastaafu. Mwenyeji na mtawala wamo ndani ya jina moja. (Na hapana, Lindum haina undugu na Lindi yetu. Kufanana kwa sauti si ushahidi.)

Ila funzo kubwa liko York. Warumi waliandika Eboracum, jina ambalo wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kiselti la aina fulani ya mti. Kisha wakaja Waanglo-Saksoni, wasiojua Kiselti. Masikio yao yakasikia eofor, neno lao la nguruwe mwitu, wakauita mji Eoforwic. Waviking wakasema Jórvík, na leo ni York. Mti ukageuka nguruwe kwa sababu wasikilizaji walibadilika tu.

Sasa rudi Newala. Kuna kata inaitwa Nanguruwe. Utasema, si nguruwe huyo hapo? Polepole kwanza. Tazama kata nyingine: Nambunga, Nandwahi, Namiyonga, Nakahako. Nje ya wilaya kuna Nachingwea na Nanyumbu. Hiyo "Na-" huanza majina mengi ya watu na mahali huku kusini. Kwa hiyo jina kama hili lisomwe kwanza kwa Chimakonde, Chiyao na Kimakua, ndipo Kiswahili kifuate. Nguruwe anaweza kuwemo kweli, lakini sikio la Kiswahili peke yake halitoshi kumthibitisha.

Nguo mpya nasi tunavalisha. Wenyewe husema Chimakonde, Kiswahili kikaandika Kimakonde. Chilangala, Chitekete na Chiwonga zimebaki na "chi-" yao. Kata za Muungano na Tulindane zinasomeka kwa Kiswahili moja kwa moja.

Kwa nini ujali? Lindum inaelezeka kirahisi kwa sababu Kiwelshi kiko hai. Kule Ufaransa, Kigauli, ndugu yake, kilikufa, na maana za majina kadhaa zinabishaniwa hadi leo. Chimakonde bado kina wasemaji, lakini mtoto anayekielewa na kujibu kwa Kiswahili hatawasimulia wajukuu maana ya Nandwahi.

Basi ukienda kijijini msimu huu wa korosho, muulize bibi au babu. Andika jina kama anavyolitamka yeye, si kama lilivyo kwenye kibao. Andika lugha, maana aliyokupa, na nani alimsimulia. Wakikupa maana mbili tofauti, ziandike zote mbili.