East St. Louis na Faida ya Mpaka

East St. Louis, mji wa Illinois unaotazamana na jiji la St. Louis, Missouri, ng'ambo ya mto Mississippi, husemwa vibaya pande zote mbili za maji. Unatajwa kwa ufukara na uhalifu, kana kwamba wakazi wake, wengi wao Wamarekani Weusi, ndio waliojitakia. Historia haikubaliani na hukumu hiyo. Waliouchota utajiri wa mji huu ni wale waliojua kuutumia mpaka.

Hapo mwanzo mpaka ulikuwa kimbilio. Missouri iliingia katika Muungano mwaka 1821 ikiwa jimbo la utumwa, na masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba karibu mwaka 1829 Priscilla Baltimore alivusha familia 11 za Weusi, walio huru na watoro, wakaanzisha Brooklyn upande wa Illinois. Illinois nayo haikuwa pepo: mwaka 1853 ilipitisha sheria ya kuwazuia Weusi kuhamia humo. Hata hivyo, Brooklyn ilisimama, na mwaka 1873 ikatambuliwa kisheria kuwa kijiji chenye mamlaka yake.

Wenye mitaji nao walijifunza hesabu ya mto, ila wao walitafuta nafuu ya gharama. Makaa ya mawe yalichimbwa Illinois, na kuyavusha hadi St. Louis kulikuwa na malipo yake, kwa hiyo viwanda vikajengwa ukingo wa mashariki. Kisha vikaikwepa hata East St. Louis yenyewe. Mnada mkubwa wa mifugo na viwanda vya nyama vilivyouzunguka vikawa mji wao, National City, mwaka 1907. Kiwanda cha kemikali kikapata mji wake, Monsanto, mwaka 1926, ambao sasa unaitwa Sauget. Wafanyakazi walilala East St. Louis, wakasomesha watoto huko, wakazimiwa moto huko, lakini kodi ya viwanda haikufika. Serikali ya mji ikabaki kutegemea ada za leseni za vilabu vya pombe.

Wapo watakaosema kwamba viongozi wa mji walikuwa wala rushwa. Ni kweli, na kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza mauaji ya Weusi yaliyotokea mjini humo Julai 1917 iliwaanika bila huruma. Lakini kamati hiyohiyo iliwashutumu wenye makampuni walioishi miji mingine na kuchukua faida bila kujali uozo huo. Walikuwa wameajiri Weusi kutoka Kusini huku wazungu wakigoma, na chuki ilipolipuka, Weusi wasiopungua 39 waliuawa kwa hesabu rasmi. Wengi wanaamini walikuwa zaidi. Maelfu walikimbilia St. Louis, wengi kwa miguu juu ya daraja la Eads, na mabunda yao mikononi. Safari hii Missouri, jimbo lililokuwa la utumwa, ndiyo iliyokuwa salama. Kwa hiyo si kweli kwamba upande mmoja wa mto una heri kwa asili yake. Heri ilitegemea nani amepewa ulinzi na nani amenyimwa.

Mwaka 1950 East St. Louis ilikuwa na watu zaidi ya 82,000. Sensa ya 2020 ilikuta wasiofika 19,000. Sauget, yenye wakazi wasiofika 200, bado ina viwanda.