Paisley: Jina la Uskoti, Nakshi ya Kashmir

Anayetafuta maana ya jina Paisley hupewa jibu fupi: ni jina la Kiskoti lililotokana na kitambaa cha nakshi. Jibu hilo wazazi wengi wa Marekani wamelipokea. Mwaka 2006 Paisley liliingia katika majina 1,000 wanayopewa zaidi wasichana nchini humo, na haikupita miaka kumi likawa ndani ya 50 ya kwanza. Lakini limeachwa jambo zito nje.

Paisley ni mji ulio magharibi mwa Glasgow, uliokua kando ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1163. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na neno la Kilatini basilica, yaani kanisa. Baadaye likawa jina la ukoo pia. Mwanasiasa Ian Paisley wa Ireland ya Kaskazini ni mfano unaojulikana.

Nakshi yenyewe, tone lililopinda ncha, haikuzaliwa Uskoti. Ilitoka Uajemi na Kashmir, ambako wafumaji waliitia kwenye shali za sufu laini ya mbuzi wa milimani. Shali moja bora iliweza kuchukua zaidi ya mwaka. Maofisa wa Kampuni ya India Mashariki walizipeleka Uingereza katika karne ya 18, mabibi matajiri wakazigombania, na wafumaji wa Edinburgh na Norwich wakaanza kuziiga. Paisley iliingia kazini mwanzoni mwa karne ya 19. Kitanda cha kufumia cha Mfaransa Jacquard, kinachoongoza nyuzi kwa kadi zenye matundu, kiliusaidia mji huo kutoa shali nyingi kwa bei nafuu. Malkia Victoria mwenyewe alizinunua mwaka 1842. Soko likazoea: nakshi ya Kashmir ikaitwa kwa jina la mji ulioiiga.

Mafundi wa Paisley hawastahili kuitwa wezi. Walikuwa hodari, na mitindo ya mavazi ilipobadilika miaka ya 1870 nao walikosa kazi. Hata hivyo, mzigo wa Kashmir ulikuwa mzito zaidi. Kodi za watawala ziliwakamua wafumaji hata wakaandamana mjini Srinagar, Kashmir, mwezi Aprili 1865, na wengi wakafa askari walipowavamia. Watu hao hawatajwi jina Paisley linapofafanuliwa.

Pwani ya Afrika Mashariki nakshi hiyohiyo imo kwenye kanga, nayo huitwa korosho. Hapo umbo limefananishwa na kitu kinachojulikana, wala hakuna mji unaojipatia sifa ya ubunifu. Tofauti hii ni kubwa, kwa kuwa jina la mahali humfanya msikilizaji aamini kwamba ndiko kitu kilikobuniwa.

Mzazi ana haki ya kumpa binti yake jina kwa utamu wa sauti tu. Mtunzi wa kamusi za majina hana uhuru huo. Chini ya Paisley aandike Uskoti kuwa asili ya jina, na papo hapo aitaje Kashmir na Uajemi kuwa asili ya nakshi.