Mirambo: Jambazi wa Njia ya Ujiji Aliyepewa Mtaa

Neno milambo kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti, tena kwa wingi. Waganda husema omulambo kwa maiti mmoja na emirambo kwa maiti wengi, na mpenzi yeyote wa lugha za Kibantu ataitambua hapo ngeli ile ile ya mti na miti, mwili na miili. Mtu aliyezaliwa yapata mwaka 1840 kwa jina la Mtyela Kasanda, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Unyanyembe, alitembea duniani na jina hilo la vita, na ndilo tulilobaki nalo. Tabora ina shule ya sekondari na kambi ya jeshi zinazoitwa Milambo, kwa l kama wenyeji wanavyotamka. Dar es Salaam ina Mtaa wa Mirambo, kwa r kama walivyoandika wageni, na Benki Kuu ya Tanzania ina anwani yake katika mtaa huo. Fedha za taifa, basi, zinalala kwa mtu ambaye misafara ya karne ya 19 ilimhesabu kuwa mnyang'anyi mkuu wa bara.

Nimefundisha sekondari hadi kustaafu, na darasani tulizoea kuwagawa wahusika wa fasihi kuwa bapa na duara. Mirambo amepata balaa la kufanywa bapa mara mbili: kwanza jambazi mtupu, kisha shujaa mtupu. Mimi navutiwa na kilichopita katikati.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, mahali ambapo Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakapaita Kaze, nasi tunapaita Tabora. Toka hapo njia moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Nguo, shanga, bunduki na baruti vikapanda. Kila mtemi ambaye njia ilipita kwake alidai hongo. Neno hilo leo hulisikii ila katika habari za rushwa, lakini zama zile lilikuwa ushuru halali, unaojadiliwa hadharani siku nzima na kulipwa mchana kweupe. Asiyekumbuka maana hiyo ya zamani hataelewa ugomvi wa Mirambo hata kidogo, kwa sababu atamsoma kama mla rushwa badala ya kumsoma kama mtawala aliyedai haki ya nchi yake.

Na ugomvi huo haukuanza naye. Mnywa Sera, mtemi wa Unyanyembe, alitaka kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sera akapigana porini hadi alipouawa mwaka 1865. Kijana wa Uyowa alilishuhudia somo hilo lote kutoka karibu. Alikusanya rugaruga, vijana wa vita wasio na shamba wala ukoo wa kuwarudisha nyumbani, akatumia na mbinu za Wangoni waliokuwa wameingia nchi hizo kutoka kusini, ambao watu wa huku waliwaita Watuta.

Mwaka 1871 aliusimamisha msafara uliokuwa ukienda Ujiji. Kwa mujibu wa simulizi ya Stanley, alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo. Wakabishana zaidi ya siku, wakalipa, na baada ya kulipa wakaambiwa warudi walikotoka. Nimewahi kulisoma tukio hili mbele ya darasa, na wanafunzi hucheka kila mara wanapofika hapo pa mwisho. Kicheko hicho nakielewa. Ni kicheko cha anayeona mnyonge wa jana akimchezea tajiri, na hapo ndipo jambazi huanza kumpendeza msomaji kabla msomaji mwenyewe hajajua.

Waarabu wa Tabora walitangaza vita. Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga nao, akitumaini kazi ya siku chache. Walikiteka kijiji cha Zimbizo, kisha Mirambo akawavizia waliokuwa wakirudi na nyara, akawaua. Tarehe 22 Agosti 1871 aliiingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Stanley alijihami Kwihara, katika tembe ambalo leo wageni hupelekwa kuliona kwa ajili ya Livingstone. Kitabu chake cha mwaka 1872 kilimtangaza Mirambo ulimwenguni kuwa mhalifu. Sultani Barghash alipeleka askari kutoka Unguja, nao hawakumweza.

Kisha ukurasa ukageuka. Aprili 1876, huko Serombo, Stanley na Mirambo walikutana uso kwa uso wakachanjiana udugu, na aliyewachanja ni Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley. Mwandishi aliyetarajia kukutana na dubwana alikuta mtu mpole wa sauti, mwenye maneno machache, na akamlinganisha na Napoleon. Kalamu iliyomtia hatiani ndiyo iliyoanza kumtakasa. Mwaka 1879 daktari wa misheni ya London, Southon, alikaribishwa Urambo akakaa hapo hadi kifo chake mwaka 1882. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Urambo na balozi wa Kiingereza Unguja, John Kirk, na urafiki huo ulikuwa ukikua hadi Juni 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa Mpimbwe katika shambulio la majeshi ya Mirambo na mwenzake Simba. Baada ya hapo Kirk alijitenga.

Uhuru ulipokuja tulihitaji mababu, na ilikuwa haki. J. B. Kabeya aliandika kwa Kiswahili habari za Mtemi Mirambo na kumwita shujaa kwenye jina la kitabu. Tulihitaji Mwafrika aliyekataa kufanywa mpangaji katika nchi yake, naye alikuwepo. Lakini malenga wenzangu wanaomtungia sifa huruka jambo moja. Rugaruga hawakula hongo peke yake. Walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, wakateka wanawake na watoto, na watoto wa kiume wa mateka wakakua wakiwa rugaruga nao. Jina la Maiti halikuwa tamathali ya semi. Kwa mkulima wa kijiji kilichozingirwa alfajiri, swali kama Mirambo alipinga wageni au la halikuwa na maana yoyote. Shairi lenye mizani sawa na vina vya kupendeza linaweza kumsahau mkulima huyo katika ubeti wa kwanza tu, na nimeona mengi yakimsahau.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884 akiwa vitani bado, na Mpandashalo aliyemrithi hakuweza kuushika utawala uliojengwa juu ya mtu mmoja.

Mwezi huo huo wa Desemba alifariki pia Nyungu ya Mawe, mwana wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliyekuwa ameitwaa Ukimbu kusini ya Tabora kwa rugaruga wake. Ukatili wake haukupungua ule wa Mirambo. Lakini Nyungu aliweka watu wake kusimamia kila eneo alilolitwaa, na alipokufa, binti yake Mgalula alirithi, akaishika nchi hiyo hadi alipoikabidhi kwa Wajerumani mwaka 1895. Utawala wake ulikuwa imara kuliko ule wa Urambo, lakini haukuwa na Stanley wa kuuandika kwa chuki kwanza na kwa mapenzi baadaye. Majina ya Nyungu na Mgalula ukiyataja nje ya Tabora, msikilizaji hukuomba uyarudie.